Jibu la Siku Mbili

3 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumai mgongo umepata nafuu na cherehani haikusumbui. Mimi mzima, ila kazi imenitoa jasho. Hapa hospitali tulihamishia majibu ya maabara kwenye mashine mpya, lakini kwa siku mbili nzima madaktari wakawa wanafikishwa kwenye ile ya zamani, iliyoachwa ikiwaka. Mama mmoja karudishwa kutoka mlango wa upasuaji kwa jibu la damu la wiki iliyopita. Aliyekosea ni Mrefu, mtoto wa jirani yetu. Bosi kamsimamisha. Mimi nimeponea chupuchupu.

Binti yako

9 Machi

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo wa mzee hauna nafuu, una mapumziko tu. Barua yako ilinichemsha damu. Mamake Mrefu alikuja kupimwa gauni, nami sikumngoja hata aketi. Nikamwambia mwanawe analala kazini na nusura akuponze. Wateja wawili walikuwepo. Akachukua mkoba wake akaondoka.

Sasa nieleze, maana watu wananiuliza nami nabaki kukuna kichwa: mashine imehama, kwa nini watu wapelekwe kwenye ile ya zamani?

Baba yako

2 Aprili

Baba,

Shikamoo. Wiki tatu nimekaa na barua yako. Kila nikishika kalamu, uso unaniwaka.

Swali lako nalijibu. Daktari akiandika jina la maabara, kompyuta yake haijui mashine yenye majibu ilipo. Inauliza mashine nyingine, mtunza majina. Naye haendi kila mara kutazama kwenye orodha kuu, inayoonyesha kila mashine ilipo. Akishapata jibu mara moja, analiweka kichwani kwa muda aliopangiwa, na kila anayeuliza anapewa hilo hilo. Kwetu muda huo ni siku mbili. Anayetaka kuhamisha hutangulia kuupunguza uwe dakika tano, akangoja majibu ya siku mbili yaishe, ndipo ahame.

Mrefu alinikumbusha mapema. Nikamjibu, "Kaka, mimi si mtoto." Kisha nikasahau. Ni mimi, Baba. Bosi alipouliza nani kafanya hivi, nilimtaja yeye. Mrefu alinitazama, akavaa koti lake akatoka.

Jana nimesema ukweli kwa bosi. Mrefu amerudi kazini, sasa mimi ndiye niliyesimamishwa. Naona aibu hata kukuomba radhi. Nenda kwa mamake, tafadhali, umwambie ni mimi.

Binti yako

10 Aprili

Binti yangu,

Marahaba. Nimekwenda. Nilipiga hodi mara tatu huku nikiomba asiwepo. Akafungua. Nikaanza kumweleza habari za huyo mtunza majina, nikajikanyaga, akanikatiza.

"Fundi, hayo nayajua. Mwanangu alinieleza siku ile ile aliyosimamishwa."

"Basi ulipokuja kupimwa gauni, nikakusema mbele za watu, ulikuwa unajua?"

"Nilijua. Alinisihi nisikwambie. Alisema wewe una binti mmoja tu, na ungeshindwa kumtazama."

Akanisogezea kiti. Mwanangu, miaka yote hii nimekaa kwenye nyumba ile kama kwangu, lakini leo sikuweza kukikalia. Njoo, twende kwake wote wawili.

Baba yako