Nilimfunga Shangazi Utepe Mweusi

Kosa wanalolifanya watu wengi wanapojifunza kazi kwa vitendo ni kudhani kwamba mikono huingia darasani mitupu. Mikono huja na adabu zote ilizofundishwa nyumbani, pa kugusa na pasipo pa kugusa, na siku ya zoezi adabu hizo ndizo zinazotangulia. Mafunzo ya chuo yanafuata nyuma yakihema. Msichana aliyeandika barua ifuatayo anaamini tatizo lake ni shangazi aliyenuna. Naichapisha karibu yote, halafu nitamwambia ninachokiona mimi.

*

Mpendwa mshauri, shikamoo. Naomba unisaidie kwa mawazo maana nimefika mahali nikisikia kipenga tu naziba masikio, hata kikiwa ni kipenga cha watoto wanaocheza mpira uwanjani.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, nasomea usimamizi wa dharura na maafa, na chuo chetu hakiamini sana mambo ya kukariri, kila kitu tunakifanya wenyewe, tukisoma mafuriko tunajaza mifuko ya mchanga mpaka viganja vinachubuka, tukisoma moto tunaingizwa kwenye chumba cha moshi tukitambaa, na mwisho wa muhula kunakuwa na zoezi kubwa ambalo ndugu na majirani wanaalikwa kuja kuigiza majeruhi, wanapakwa rangi nyekundu, wanalazwa ukumbini katikati ya viti na meza zilizopinduliwa kana kwamba paa limeanguka, kila mmoja anaelekezwa pembeni aigize nini, halafu sisi tunaingia na tepe za rangi nne, kijani kwa anayeweza kutembea, njano kwa anayeweza kusubiri, nyekundu kwa asiyeweza kusubiri, nyeusi kwa asiyepumua tena. Na ukimkuta asiyepumua sharti kwanza umwinue kidevu ili njia ya hewa ifunguke, akivuta pumzi unamfunga nyekundu, asipovuta ndipo unafunga nyeusi na kwenda kwa mwingine.

Mimi mwenyewe ndiye niliyemshawishi shangazi aje, yeye ndiye amenilea tangu mama alipofariki, ni msusi, ana saluni yenye viti viwili na kioo kimoja, siku hiyo aliifunga, akavaa gauni ambalo halimwumizi roho likichafuka, na njia nzima alikuwa ananitania, "Mwanangu, nikifa leo usinililie, nitacheka nikuaibishe mbele ya walimu wako." Tulipofika akawa makini kuliko sisi wanafunzi, akamuuliza mkufunzi wetu, ambaye ni mzimamoto mstaafu, maswali mpaka mkufunzi akatabasamu.

Nilimkuta nyuma ya meza, amelala chali kwenye saruji, mdomo wazi kidogo, kifua kimetulia kabisa, na mshauri, nilijua ninachotakiwa kufanya, nilikuwa nimeshainua videvu vya watu wengine kabla yake bila shida, lakini mkono ulifika karibu na uso wake ukakataa, kwa sababu mimi tangu nijitambue mkubwa namsalimia kwa kuinama, simshiki taya kama mbuzi anayenyweshwa dawa, na wenzangu walikuwa wanatazama, basi nikamfunga utepe mweusi kwenye kifundo cha mkono nikapita.

Kipenga kilipolia mkufunzi akatuzungusha kwa majeruhi mmoja mmoja, akafika kwa shangazi, akaniuliza, "Huyu vipi?" Nikasema, "Hapumui, mwalimu." Akainama, akasema, "Samahani, mama," akamwinua kidevu kwa vidole viwili, na shangazi akavuta pumzi ndefu ukumbi mzima ukasikia. Mkufunzi akasema, "Mama huyu alikuwa bado hai, nilimwelekeza akiinuliwa kidevu apumue. Mbona hukumgusa?" Mimi nikajikuta nimesema alikuwa anabana kicheko, kwamba niliona zoezi lake limeshaharibika nikafunga utepe wowote nipite, na darasa likaangua kicheko, na mkufunzi akasema sawa, kwa kuwa mwigizaji ndiye aliyeharibu nitapewa nafasi ya kurudia mwisho wa mwezi, maana anayekosea mwenyewe harudii, anasubiri mwaka unaofuata, na akasema shangazi asialikwe tena. Shangazi alikuwa bado amelala pale chini na rangi usoni.

Tulipofika nyumbani alinawa uso, akasema, "Sikucheka. Nilikuwa nangoja." Basi. Tangu hapo maneno yake kwangu ni "Chakula kipo" na "Funga mlango." Kwa wateja anaongea kama kawaida, tena juzi mteja mmoja alimuuliza, "Mwanao anaendeleaje na chuo?" akamjibu huku anasuka, "Muulize mwenyewe, mimi ni marehemu." Saluni nzima ilicheka, nami nilikuwa nimesimama mlangoni na taulo.

Chuoni nako wamenipa jina, wananiita Mochwari, nikipita kwenye korido kuna mmoja lazima alale benchini apige kelele, "Mochwari, usinifunge, bado napumua!" Na sasa kwenye mazoezi madogo kila mtu namfunga utepe mwekundu, hata aliyechubuka kiwiko, siwezi kabisa kushika ule mweusi.

Mshauri, nafikiria kuhamia upande wa mipango, kule wanakoandika taratibu na kuchora ramani, nikae ofisini nisimguse mtu. Au niombe kwenye marudio pasiwe na ndugu wa mwanafunzi yeyote? Na nifanye nini shangazi aongee nami? Nimemnunulia kitambaa kizuri, amekipokea, amekiweka kabatini bila kukikunjua.

Wako,
yule wanayemwita Mochwari

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa jina hilo. Litachakaa lenyewe, majina ya korido hayadumu. Nitakuwa mkali kidogo, kwa hiyo kaa kwenye kiti chenye mgongo.

Nianze na mkono uliokataa, kwa maana hapo sina ugomvi nawe. Ulilelewa vizuri. Mtoto anayesita kushika uso wa mkubwa wake hana ubaya moyoni. Lakini hebu tuelewe kidevu ni nini katika kazi hii. Mtu akipoteza fahamu akiwa chali, ulimi hulegea ukarudi nyuma na kuziba njia ya hewa. Mapafu yapo, moyo upo, anakufa kwa sababu ya nyama yake mwenyewe iliyolala vibaya. Vidole vyako viwili chini ya kidevu ndivyo vinavyomtofautisha mwekundu na mweusi. Kwa hiyo sharti lile lina sababu: utepe mweusi hauna ruhusa ya kufungwa na mtu ambaye hajajaribu. Ukiuona hivyo, utajua pia kwa nini sasa unafunga kila mtu mwekundu. Unadhani unajirekebisha kwa kuwa na huruma. Hapana. Ukiwafunga wote mwekundu, wabebaji wa machela watamchukua mwenye kiwiko kilichochubuka na kumwacha anayevuja damu, maana wewe umewaambia wote wako sawa. Kosa lako halikuwa rangi. Ulikosa kugusa, na dawa yake ni kugusa.

"Nitamgusaje mkubwa?" Jibu umeniandikia mwenyewe bila kulisoma. Mkufunzi wako aliinama, akasema, "Samahani, mama," ndipo akaweka vidole. Kauli moja fupi, na heshima ikabaki mahali pake. Shangazi yako naye ni msusi. Siku nzima anainamisha vichwa vya wake za watu, mama wakwe na wakuu wa shule, anavigeuza huku na huku, na hakuna aliyewahi kutoka pale akasema amevunjiwa adabu, kwa kuwa kabla ya kugeuza husema anachotaka kufanya. Wewe ulidhani una njia mbili, kumshika kama mbuzi au kumpita. Kulikuwa na ya tatu: kusema kwanza, kushika baadaye. Mwambie hata aliyezimia. Mwambie, "Shangazi, nakuinua kidevu upate hewa." Kama hasikii, utasikia wewe, na mkono wako utatii sauti yako.

Sasa hili la kuhamia mipango. Ni kazi njema, na mtu anayeipenda aende kwa miguu miwili. Wewe huendi, unakimbilia. Na huko unakokimbilia nakuhakikishia utawakuta wakubwa walewale. Siku maji yanapanda, mwenye mpango ndiye anayempigia simu mkurugenzi wa kiwanda, mtu wa rika la babu yako, kumwambia toa watu wako nje sasa hivi, na mkurugenzi anajibu kwamba yuko kwenye kikao. Utainama umsalimie kwa urefu kisha ukate simu? Kazi yote ya dharura, ya ukumbini na ya mezani, ni kijana kumwambia mtu mzima jambo asilotaka, kwa lugha nzuri, kabla muda haujaisha. Ukishindwa kidevu utashindwa na simu. Baki ulipo mpaka uweze, halafu uchague.

Na usiombe ndugu waondolewe kwenye zoezi. Jengo likianguka kweli, litaangukia mtaa unaokaa. Utakaowakuta chini ya meza ni watu unaowaamkia kila asubuhi. Chuo chenu kinajua hivyo, ndiyo maana kinawaalika. Pengine hilo ndilo somo kubwa kuliko yote mnayofundishwa pale, nawe unataka kulifuta kwa sababu lilikuuma.

Nimeyamaliza yaliyo rahisi.

Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja. Kipenga kinachokuzibisha masikio umekiweka mstari wa kwanza. Maswali umeyaweka mwisho, kwa mpangilio mzuri. Na katikati, kwenye sentensi iliyojaa vicheko vya watu wengine, umepenyeza kwamba "ulijikuta" umesema shangazi alikuwa anacheka. Hakuna mtu anayejikuta amesema, mwanangu. Ulisema. Mama aliyefunga saluni yake, akalala kwenye saruji, akabana pumzi kwa ajili yako, ulimsingizia mbele ya darasa zima akiwa katika hali ambayo hawezi kujitetea, maana angefungua kinywa angekukosesha marudio. Fikiria hilo polepole. Umemzushia kwamba aliharibu, na wakati huohuo alikuwa anakulinda kwa kunyamaza. Wamemfutia mwaliko kwa kosa lako, nawe umepewa marudio kwa kosa lisilo lake. Hizo ndizo habari. Utepe mweusi ni kisingizio tu cha kuandika barua.

Ndiyo maana kitambaa kipo kabatini. Hajakukasirikia kwa kumpita. Angekuwa amekasirikia hilo angekusema siku ileile, mkafokeana, mkala. Neno lake la kwanza alipomaliza kunawa lilikuwa lipi? "Sikucheka." Alianza na hilo. La kungoja lilifuata. Amekwambia waziwazi kinachomuuma, nawe umekwenda dukani. Na anaposema kwa wateja kwamba yeye ni marehemu, anakuachia mlango wazi. Aliyekata tamaa na mtu hamtanii.

Utaniuliza, "Nikisema ukweli si nitanyang'anywa marudio?" Huenda. Sitakudanganya ili unipende. Mkufunzi wako ameweka kanuni, na mzimamoto mstaafu hazungushwi kwa machozi. Huenda ukasubiri mwaka mzima, wenzako wakavuka, na jina la korido likapata mkia. Ni hasara ya kweli na inauma. Lakini angalia upande wa pili. Kazi unayoisomea inasimama juu ya taarifa moja ndogo: mtu wa mbele anasema alichokiona na alichokifanya, na wa nyuma wanaamua kutokana na neno lake. Wa mbele akisema "nimeshaangalia chumba kile" na hakuangalia, chumba kile hakiangaliwi tena na mtu yeyote. Mkufunzi hawezi kukufundisha kurekebisha kosa ambalo hajui umelifanya. Sasa hivi anaamini anajua kwa nini hukugusa, na marudio yako ameyapanga juu ya imani hiyo. Hata ukifaulu mwisho wa mwezi, atakuwa amempima mtu mwingine.

Usiende kwa shangazi kwanza. Najua ndiko moyo unakokuvuta, ukamlilie, akufute uso, yaishe chumbani. Ulimchafua ukumbini, hayawezi kusafishwa chumbani. Nenda kwanza kwa aliyemfuta kwenye mwaliko, halafu ukirudi nyumbani utakuwa na kitu cha kumwambia kisichouzwa dukani. Usiende na hotuba ndefu, wala usianze na malezi yako na adabu za kwenu. Hayo ni ya kweli lakini yatakuja akikuuliza. Usimwombe akuachie marudio. Mwache aamue, hiyo ni kazi yake.

Leo, kabla ofisi za chuo hazijafungwa, gonga mlango wa mkufunzi wako umwambie kwamba shangazi yako hakucheka.