Chumba Chako Sasa Kina Joto, Mama

Mama,

Leo chumba chako kina joto. Nimeanza na hilo kwa sababu ndilo ninaloogopa kukuambia. Nikianza na salamu nitazunguka mpaka karatasi iishe.

Ulitutoka mwezi wa nane mwaka jana. Mwanao Mwangi alikusindikiza mpaka Nyahururu, akakulaza kando ya mzee. Mimi nilibaki huku Sydney na mjukuu wako Shiru, nikafunga mlango wa chumba chako, na hakuna aliyelala humo tena. Juzi baridi ya Juni ilipoanza, Shiru akasema sasa ana miaka kumi na anataka chumba chake mwenyewe. Akachagua chako. Ningemkataliaje, na jina lenu ni moja?

Asubuhi ya kwanza alikuja jikoni amejifunga blanketi mpaka kichwani, meno yanagongana. Akaniambia, kwa Kiingereza chake, kwamba kile kitu cha ukutani kimekufa. Niliweka kikombe chini nikatafuta fundi papo hapo. Sikumwambia avae sweta. Alisema mara moja tu, nikaamini.

Wewe ulisema mara ngapi?

"Mama Shiru, ile kitu ya chumba yangu haina moto." Nakusikia hata sasa, na Kiswahili chako cha Nyahururu. Mimi Mtaita, wewe Mkikuyu, hatukuwa na lugha nyingine ya kuelewana, na hiyo moja tuliyokuwa nayo sikuitumia kukusikiliza. Nilikujibu uvae sweta, kwamba hapa Guildford si baridi kama kwenu. Ukaniambia kwenu kulikuwa na jiko, mtu anakaa karibu na moto na kuni zake. Nikacheka. Nilidhani unatamani nyumbani tu.

Unakumbuka ile siku nilikuja kuangalia? Nilikuwa nimeshavaa sare, nakimbilia treni niende kazini Auburn, kwenye makao ya wazee. Niliinama nikashika ile rejeta, yale mabati mazito yanayopitisha maji ya moto, nikaishika pembeni kabisa, pale bomba linapoingia. Ilikuwa moto. Nikakuambia, "Mama, hii inaunguza. Wewe unapenda kulalamika tu." Shiru alikuwa amesimama mlangoni. Ulimwangalia yeye, halafu ukaangalia chini, ukasema, "Haya basi."

Hukutaja tena baridi. Na mimi, Mungu anisamehe, nilichukua kule kunyamaza kwako kuwa ushahidi kwamba nilisema kweli.

Nikatoka nikaenda kuwafunika mama za watu wengine. Huko kazini tuna kabati la kupashia mablanketi moto, Mama. Mtu akisema anasikia baridi, namletea blanketi lenye moto, namfunika mpaka kidevuni, naandika kwenye faili lake kwamba nimefanya hivyo.

Fundi aliyekuja ni Baba Furaha, yule Mkongomani tunayesali naye, yule mrefu aliyekuwa akikubebea kiti baada ya ibada. Siku hizi anafanya kazi ghalani, lakini kwao Bukavu alikuwa fundi wa mabomba. Alikagua nyumba nzima kwanza. Rejeta ya sebuleni moto, ya chumbani kwetu moto. Ya kwako tu baridi. Akasema huenda ni hewa imekaa ndani, akafungua kale kaskrubu ka juu kwa ufunguo mdogo. Maji yakatoka moja kwa moja, hakukutoka hewa hata pumzi moja. Si hewa. Akafunga rejeta zote nyingine ili pampu isukume maji yote upande wako. Tukangoja. Hakuna.

Basi akaniita. "Mama, shika hapa." Nikashika pale pale nilipowahi kushika, bomba linapoingia. Moto. "Shika katikati." Baridi kama jiwe la mtoni. "Shika chini huku, kwa kutokea." Baridi. Akatikisa kichwa. "Maji inafika, haina pa kupita. Tiyo, hii bomba yake, imeziba."

Ingenichukua sekunde ngapi, Mama, kusogeza mkono mpaka katikati?

Alifunga koki za pande zote mbili, tukatandaza taulo na kutega beseni, akalegeza nati. Kilichotoka hakikuwa maji. Kilikuwa tope jeusi la kutu, zito kama uji wa wimbi ulioungua. Tuliibeba ile rejeta wawili mpaka uani, tukaingiza mpira wa maji, yeye akawa anaigonga kwa nyundo ya mpira huku mimi nimeishikilia. Ikatapika weusi kwenye nyasi zote. Koki ya chini alilazimika kuikwangua kwa waya. Alipotoa donge la mwisho akaliweka kiganjani, akaniuliza bila ubaya wowote, "Ni tangu lini?"

Nikasema, "Sijui."

Akaliangalia lile donge, akaniangalia mimi. "Hii haikuanza jana, mama." Nafikiri alielewa chumba kilikuwa cha nani, maana alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Kazi yote ilichukua kama saa moja na nusu. Tuliirudisha ukutani, tukajaza maji, tukatoa hewa, na kabla chai haijachemka ilikuwa imeshika moto kutoka juu mpaka chini. Niliweka kiganja katikati nikakiacha hapo mpaka kikauma. Saa moja na nusu. Na wewe ulikaa humo majira mawili ya baridi, umevaa koti la Mwangi juu ya gauni la kulalia na vitambaa viwili kichwani. Siku moja nilikukuta jikoni umefungua mlango wa oveni umekaa mbele yake, nikakugombeza kwamba utatuchomea nyumba. Ulikuwa unatafuta moto wako, Mama, na hata huo nikauzima.

Daktari alisema ni moyo, na kwamba umri wako ulikuwa umeenda. Sikumuuliza kuhusu baridi. Ninafanya kazi na wazee, ninajua la kuuliza. Niliogopa jibu.

Mwangi aliporudi Jumamosi na lori lake kutoka Melbourne, alipita chumbani kumwona Shiru akasema, "Kumbe humu kuna joto zuri hivi." Ningeweza kunyamaza. Hakujua lolote, na Baba Furaha si mtu wa maneno. Nilimaliza kuosha vyombo, nikakausha hata vile vilivyokuwa vikavu, halafu nikamwambia yote. Sweta, koti, oveni, mkono wangu pembeni mwa rejeta. Na yale maneno niliyokuambia mbele ya mtoto.

Mwangi alivuta kiti akakaa. Kisha akasema, "Nilikuwa nampigia kila Jumatano nikiwa barabarani. Nikimuuliza, mama, unasikia baridi? Ananiambia, hapana, mke wako ananitunza, mpaka jasho linanitoka."

Mama. Mama yangu.

Ulinisitiri. Umekaa kwenye barafu na simu mkononi, ukamwambia mwanao unatoka jasho, ili mimi nisigombane na mume wangu. Ningejua, ningekuja kupiga magoti. Lakini nasema tu hivyo. Ungeniambia mara ya kumi labda ningekujibu vilevile, nikakimbilia treni yangu.

Mwangi hajasema amenisamehe. Anakula, anaongea na Shiru, mimi ananijibu ninapomuuliza kitu. Jana alinishika bega alipokuwa akitoka, sijui kama alikusudia. Simharakishi.

Desemba tunakuja Nyahururu sote watatu. Nimeshaomba likizo. Dada zake Mwangi watakuwepo, na bado wananisifu kwamba nilikutunza vizuri ugenini. Nitasimama pale ulipolala, mbele yao na mbele ya Shiru, niwaambie kwa mdomo wangu kwamba uliniambia ukweli nami nikakuita mlalamishi. Wakinikasirikia, nitakubali. Usinifiche tena, Mama. Safari hii niache nionekane.

Pumzika sasa.

Ni mimi mkweo,
Mghoi