Kupiga Kula

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba. Huku Magomeni hatujambo, na mama yako amefungua tena genge lake.

Umeniuliza, huko Ujerumani kwenye mazoezi yako ya kufundisha, ufanyeje mwanafunzi mgeni akikosea Kijerumani wenzake wakamcheka. Mimi nikiwa kwenye mazoezi kama hayo, Asumini, binti aliyetoka kusini, alisema baba yake ameenda kupiga kula, akimaanisha kura. Nikamuuliza, "Ameshiba?" Darasa likaangua kicheko, nami nikajiona hodari. Mpaka naondoka pale hakunyoosha mkono tena.

Siku hizi anauza vitambaa Kariakoo. Juzi nilimkuta anapiga soga na wateja. Nilipomuuliza gauni langu litachukua mita ngapi, alininyooshea vidole vitatu.

Bibi yako