Asiyeamkia Hali Uji

Hong Kong, 4 Machi 1991

Mama mpendwa,

Mguu unaendeleaje? Sisi wazima, ila usingizi ndio hatuna.

Mama, tangu nimchukue mwanangu Yee-Ting kutoka kwako, mwezi wa pili sasa, hajaniita Mama. Nikisema heisan, yaani amka, anaamka. Ananawa uso, anapiga mswaki, anakunja blanketi bila kuambiwa, umemlea vizuri. Akifika mezani, kimya. Hata jousan, salamu ya asubuhi, hanipi. Nawe ulinilea hivyo: mtoto asiyewaamkia wakubwa hagusi kijiko. Jana nikauondoa uji. Hakulia. Niliyelia ni mimi, chooni. Mama mkwe anasema mtoto hanitaki, nimrudishe kijijini. Simrudishi. Lakini naogopa.

Mwanao,
Pui-Kwan

Hoiping, 15 Machi

Mwanangu,

Mguu unauma mvua ikinyesha tu, usijali. Wewe je, unakula?

Mrudishie mtoto uji wake. Hapa kila asubuhi, akishanawa, nilikuwa nambeba hadi kwenye picha yako ukutani, anaiamkia: jousan, Mama. Ndipo anakula. Kwake yeye mama ni yule wa kwenye fremu, mwenye nywele ndefu, anayecheka. Wewe ni mwanamke fulani mkali, nywele fupi, anayenyang'anya watu bakuli. Picha nimeiweka humu. Itundike, usimame kando yake, na akiiamkia, uitikie wewe. Usimharakishe. Mama mkwe wako mwambie namsalimu, na mtoto si kuku wa kurudishwa sokoni.

Mama yako

Hong Kong, 2 Aprili

Mama,

Natumaini mvua zimekuonea huruma. Huku tu wazima, leo wazima kweli.

Siku za mwanzo aliiamkia picha, mimi akanipa mgongo. Nikaitikia hivyo hivyo: jousan, mwanangu. Akaanza kugeuka. Anatazama picha, ananitazama mdomo, anarudi kwenye picha. Uji nikampa, neno sikuongeza.

Leo nimechelewa kazini, msimamizi kafoka, wala sikumsikia. Jana tulishona hadi usiku, basi asubuhi usingizi ukanipitia. Nikahisi mkono mdogo unanitikisa bega.

"Heisan, Mama. Jua limeshakuchoma makalio."

Sauti yako kabisa, na ukali wako. Mama mkwe kacheka hadi kamwaga chai.

Mimi nikafumba macho, nikajifanya bado nimelala, ili aseme tena. Akasema, akaniongezea na kofi.

Mwanao,
Pui-Kwan