Kisanduku cha Saba

3 Machi

Mwanangu mpendwa,

Marahaba, najua umeshaniamkia kabla hata sijashika kalamu. Huku hatujambo, ila goti langu lina maneno mengi. Wewe hujambo? Unakula, au unakula makaratasi tu huko ofisini? Simu huku inashika inapotaka, kwa hiyo barua nampa dereva wa gari la dawa, pamoja na ripoti.

Fomu zenu mpya zimefika zahanati. Mistari imenyooka, nikasema huyu ni binti yangu. Lakini kisanduku cha saba kinanisumbua. Kinataka idadi ya waliokufa kwa ugonjwa huu, "waliothibitishwa kwa kipimo". Vipimo vimetuishia tangu mwezi uliopita. Wiki hii nimewafumba macho watu wanne, wote kifua kilekile. Nikiandika nne, sikuwapima. Nikiandika sifuri, nitakuwa mwongo uzeeni. Nimekiacha wazi.

Mama yako

11 Machi

Shikamoo Mama,

Mimi mzima, nakula. Goti lipumzishe, ingawa najua nampigia mbuzi gitaa.

Kuacha wazi umefanya vizuri. Tunahesabu waliopimwa tu, ili takwimu zetu zilingane na za nchi nyingine. Wewe tuma kila Ijumaa bila kukosa, maana mitungi ya oksijeni inagawiwa kwa kufuata ripoti hizo.

Mwanao

2 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini afya yako ni njema.

Nimetuma Ijumaa nne, na mtungi hatujaona hata mmoja. Dereva anasema yote imekwenda ng'ambo ya mto, wenzetu wana vipimo, wana namba. Yule fundi cherehani aliyekushonea sare ya shule amefariki Jumanne. Alinishika mkono akiuliza kama gari limefika. Nikamwambia liko njiani.

Waulize wakubwa zako, kisanduku kitupu wao wanakisomaje?

Nina kikohozi kidogo. Ni vumbi la mafaili, usianze.

Mama yako

9 Aprili

Shikamoo Mama,

Sikumuuliza mtu. Jibu nilikuwa nalo.

Mwezi wa kwanza wa fomu hizi kompyuta ilikuwa inakataa fomu yenye kisanduku kitupu, ripoti zikarundikana. Mkuu wangu akaniambia nitafute njia. Nikaweka amri moja: kitupu kisomwe sifuri. Ni mimi, Mama. Nilidhani anayeacha wazi hana cha kuandika, nikasahau hata barua yako. Kwenye ramani yetu zahanati yako ni ya kijani, salama kuliko zote wilayani, na mimi nilikuwa naiangalia kila asubuhi nikifurahi.

Nimeomba tuongeze kisanduku cha nane, cha waliokufa bila kupimwa. Kamati haijakaa. Kwa sasa wewe waandike kwenye nafasi ya maoni, chini kabisa. Kompyuta haiisomi, nitaisoma mimi. Mitungi pia nimewaombea.

Fundi cherehani nimemlilia. Na kikohozi? Usinifiche. Mficha maradhi unaujua mwisho wake.

Mwanao

21 Aprili

Shikamoo Mama,

Gari limerudi bila barua yako. Fomu ya Ijumaa nayo haikuja, na wewe hujawahi kukosa Ijumaa. Simu haishiki. Nijibu hata mstari mmoja, hata wa kunigombeza.

Mwanao

29 Aprili

Mama,

Leo sijakuamkia. Nilianza kuandika shikamoo, nikaikata kwa kalamu.

Dereva alipanda ngazi mwenyewe kuniletea fomu, na hakunitazama usoni. Amesema mitungi miwili ilifika Jumatatu, siku ya mazishi yako. Wagonjwa wawili wanaitumia sasa.

Fomu ameijaza mfagizi wenu, maana hakubaki mwingine anayejua kuandika. Kisanduku cha saba amekiacha wazi, kama ulivyomfundisha. Chini, kwenye maoni, ameandika: "Mmoja. Muuguzi wetu. Hakupimwa. Alisema mwanae atasoma."

Nimesoma, Mama.

Ile amri yangu nimeifuta bila kusubiri kamati, wanifukuze wakitaka. Zahanati yako si ya kijani tena. Lakini kisanduku cha nane bado hakipo, na nimeigeuza fomu yako mbele na nyuma nikitafuta pa kukuweka. Sijapaona. Kwa hiyo nakuandika hapa, kwa mkono wangu: mmoja.

Mwanao