Udongo wa Lukafu Hadi Kiwiko

Papa Ngoie,

Ni mimi Safi, yule uliyemwita "mutoto wa kelele". Niko stidyo, nimekalia kiti chako. Mgongo wake bado umepinda upande wa kushoto, ulikokuwa unaegemea. Direktere, mkuu wa redio yetu, ameniletea kingine chenye magurudumu. Aka! Nimekisukuma kule mlangoni, wageni wakija wakikalie wao.

Tulikuzika kiangazi, baridi ya asubuhi inauma vidole na vumbi limelala juu ya kila kitu. Sasa ni mvua. Mtaa wetu wote wa Katuba ni matope, watoto wanaenda shule viatu mkononi, na mahindi ya watu wetu kule Lukafu yamefika magotini. Nimeanza na hilo ufurahi kwanza. Yanayofuata ni magumu, na unanijua, kitu kigumu lazima nikizunguke kidogo.

Unakumbuka nilivyokuwa nakuandikia karatasi za kusoma hewani kwenye emisio kwa Kiswahili cha shule, hiki hiki ninachokuandikia sasa? Kalamu yangu haijui kingine. Uliipokea karatasi kwa mikono miwili, ukaisoma kwa heshima zote, ukaiweka chini ya kikombe cha chai, halafu ukafungua mikro: "Bantu ba Katuba, mumelamuka?" Watu wa mjini walicheka, eti redio gani hii inaongea kama soko la Kenya, ule mtaa wa jirani. Siku moja ukawajibu hewani: "Ule mama anauzisha mboga ku soko ya Kenya, njo anatukulisha. Nitamusemesha na luga ya nani?" Nilijivuna siku ile mpaka nikapiga makofi, na mikro iko wazi. Basi ujue, hata mimi nikiwa hewani naongea chako. Cha shule kinabaki kwenye karatasi.

Lakini fahari yetu kubwa ilikuwa neno lako moja la kila mwaka: pandeni. Walimu, maseremala, mafundi wa viatu, wote wa Katuba wenye mashamba Lukafu walifunga mbegu zao, wakapatana na mwenye lori, halafu wakakaa kukusubiri wewe. Mvua ya kwanza ni tapeli. Inakuja, inaosha maembe, inakwenda zake, na aliyepanda analia. Wewe hukuyaamini mawingu. Ulimpigia Mama Monga, anayelima kule kule Lukafu, naye anachimba shimo bondeni, shimo katikati ya shamba, na shimo karibu na kichuguu, anatia mkono. Mkono ukikuta udongo mbichi hadi kiwiko, pandeni. Ukikuta mkavu, mungoje, hata kama mbingu zinanguruma.

Mwaka jana, mvua ya kwanza ilipokuja, kifua kilikubana, ukaniambia mimi nimpigie. Nilipiga mara mbili, mtandao haukushika. Na telefone yangu ilikuwa na picha ya wingu na matone, siku kumi mfululizo, picha nzuri kabisa. Nikaona ya nini kujisumbua. Nikaja nikakutazama machoni, nikasema Mama Monga amesema kiwiko. Papa, nilikutazama machoni.

Ukasema pandeni. Malori yakaondoka.

Kesho yake Mama Monga akapiga mwenyewe, anauliza nani amekwambia udongo umelowa, maana yeye hajachimba. Simu ilikuwa kwenye spika, nami nimesimama pale na kikombe chako mkononi. Wazee wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikufika hata Likasi, mji wa jirani. Nilingoja unifukuze. Ukafungua mikro, ukakohoa, ukasema: "Bantu ba Katuba, ni miye nilikosa. Bulongo iko mukavu. Mwenye hayaenda, asiende. Ni miye, muntu mwingine hapana." Ukaifunga. Ukanigeukia: "Telefone iko na macho, Safi. Mikono haina." Basi. Hukulirudia tena mpaka unakufa.

Lakini wengi walikuwa wamekwishapanda. Mvua ilinyesha siku mbili, ikaondoka, na mbegu ikaungua ilipochipuka. Na wewe uliyekuwa ukisifiwa miaka yote, msimu wako wa mwisho wakakuita mzee aliyechoka. Nilisikia kwenye msiba wako, Papa, watu wanakula maharage yako na kusema, "Mwisho alikuwa anakosea, masikini." Nikainama kuosha sahani.

Baada ya maziko direktere akapata wazo. Ana mashine inayosoma habari ya mvua kutoka kwenye telefone, sauti laini, haikohoi wala haiombi chai. Nilibishana naye mpaka jirani akaja kuchungulia. Mwishoni akasema haya, Safi, jaribu wewe mvua ya kwanza, tukiaibika naiwasha mashine.

Ikaja mwezi wa kumi, saa sita mchana, kubwa, watu wakatoka nje na mabeseni. Na ujumbe ukaanza kumiminika kwenye kundi la wasikilizaji: Safi, tupande? Nikaandika mungoje, nampigia Mama Monga. Mtandao ule ule, hola. Ndipo mmoja akaandika: "Mzee mwenyewe alikosa mwaka jana, sembuse mwanafunzi wake." Akafuata wa pili, wa tatu, wanacheka kwa vile vikatuni vya machozi. Wanalicheka jina lako, kwa kosa langu! Mawee, Papa, nilisikia moto kuanzia miguuni.

Sikusubiri mtandao. Nilipata lori la makala linalorudi tupu kuchukua mkaa mwingine, nikapanda nyuma, nikafika Lukafu nimekuwa mwekundu kwa matope kama tofali. Mama Monga alicheka mpaka akakaa chini. Akanipa jembe, akasema mashimo yote matatu ni yangu mwaka huu. Nikachimba, nikatia mkono. Juu matope, chini ya kifundo cha mkono, mkavu kama unga. Bondeni mkavu. Kwenye kichuguu mkavu. Ile mvua yote ya mabeseni haikupita kifundo.

Mtandao unashika juu ya kichuguu tu. Nikapanda, Mama Monga ananishikia ndala, fundi wa kule stidyo akaniweka hewani. Nilikuwa nimepanga kusema neno moja. Likatoka, na mengine yakalifuata:

"Bantu ba Katuba, mungoje. Nimetia mukono, bulongo iko mukavu. Na mwaka ilipita Papa Ngoie hakukosa. Miye njo nilimudanganya. Nilimwambia Mama Monga amesema, na hakusema kitu. Mukasirike na miye. Ye mumuache alale muzuri."

Mama Monga akanipa ndala zangu, akaenda kunichemshia viazi.

Nisikufiche, nilitukanwa. Mmoja alitaka nimrudishie mbegu yake mchana ule ule. Direktere aliniambia nikae nyumbani, na kuanzia kesho yake mashine ikawa inawaamsha watu, inasema pandeni kwa sauti yake laini. Lakini sikiliza maajabu ya Katuba: hawakupanda! Wachache tu. Wengine walikuja mlangoni kwa direktere wakamwuliza, "Ule mwongo wetu iko wapi? Mumurudishe." Mwongo wetu, Papa. Na jua likawaka karibu wiki tatu, mashamba yakarudi kuwa vumbi. Siku direktere alipokuja kunichukua kwetu, alinunua mkate njiani. Mimi kwa kiburi changu nikamfanya angoje mpaka nimalize kufua.

Mvua ya pili ilikuja bila kelele, ikanyesha siku nne mchana na usiku. Nilikuwa Lukafu tena. Mkono uliingia, ukaingia, ukaingia, na udongo ukanibana kiwiko. Nililia na mkono uko ndani ya shimo. Nikapanda kichuguu changu nikasema pandeni, kwa Kiswahili chako chote, na Mama Monga akapiga vigelegele vikasikika hewani.

Niliporudi Katuba, Mama Feza alikuwa amesimama mlangoni pa stidyo. Mke wako. Tangu siku ile ya kichuguu nilikuwa namkwepa. Tangu mwaka jana wanawake wa sokoni walimnunia. Meza yake ya samaki wakavu walikuwa wanaipita kama hawaioni, kwa ajili ya mbegu zao. Aliniuliza kitu kimoja: "Alijua?" Nikasema alijua, mama, siku ya pili tu. "Na hakuniambia. Hata miye bibi yake." Nikafumba macho nipokee kofi langu, maana lilikuwa haki yangu.

Akajifunga kitenge vizuri, akanishika mkono. Tukaenda sokoni. Tulipita mbele ya kila meza, polepole, kichwa juu, yeye anawasalimia mmoja mmoja kwa jina na kungoja ajibiwe. Na kila meza alisema maneno yale yale, anauinua mkono wangu wauone: "Munamuona huyu? Ni mutoto wa Ngoie."

Papa, lala salama, jina lako ni safi. Sitakuahidi kutokosea, usije ukanicheka huko uliko. Mvua ina ujanja kuliko mimi na wewe. Ninakuahidi kwamba siku nikikosea, Katuba itasikia kutoka kinywani mwangu kabla ya kinywa kingine chochote, na sitaongeza jina la mtu mwingine.

Mutoto wako,
Safi