Mtihani wa Saa Mbili na Nusu

Amba Wuha, tarehe 8 mwezi wa Ginbot

Kwako mdogo wangu Endale,

Hujambo? Mkeo na watoto hawajambo? Sisi wazima, Mungu ashukuriwe. Mama goti linamsumbua, ila mdomo mzima kabisa: jana kamfukuza muuza kahawa, eti buni zake zimenyeshewa.

Tumesikia unatajwa kuwa mkuu wa teknolojia wa shule za jimbo zima. Mama kapiga vigelegele mpaka jirani akaja kuuliza nani anaolewa. Wewe huyo huyo uliyekuwa unaiogopa kibodi kama sufuria ya moto! Usisahau nani alikushika mkono.

Mimi huu mwaka wa kumi na moja katika chumba changu cha kompyuta. Arobaini zinafanya kazi, nyingine tunazichinja tupate vipuri. Jumanne ijayo watoto wangu thelathini na nane wa darasa la nane wanafanya mtihani wa kuingia shule ya bweni ya sayansi, saa mbili na nusu asubuhi. Wa kwanza wao ni Workinesh. Baba yake kaniambia nje ya kanisa, "Akipita, aende. Asipopita, nyumba ya mume ipo tayari." Ana miaka kumi na mitano, Endale.

Umesema saa ya mtihani utaiweka wewe mwenyewe kwenye mashine ya ofisini kwenu. Nashukuru. Wale vijana wako siwaamini.

Dada yako,
Tirsit


Amba Wuha, 16 Ginbot

Mdogo wangu,

Natumaini mu wazima. Sisi miili mizima, mioyo hapana.

Asubuhi ya mtihani ilikuwa na ukungu, nikawasha taa zote ili watoto waone vizuri. Saa mbili na nusu wakabonyeza. Kila kioo kikaandika: mtihani umefungwa. Watoto wote wamewekewa sifuri, kwamba hawakuhudhuria.

Nilijua papo hapo. Umeandika mbili na nusu kama tunavyohesabu sisi, tangu jua kuchomoza. Mashine inahesabu tangu usiku wa manane. Ikafungua mtihani saa nane na nusu usiku, ikaufunga alfajiri, watoto wako vitandani. Sikulaumu. Mimi mwenyewe nimekosea hivyo mara mbili, na kila mtu wa nchi hii anayeshika kompyuta amewahi kukosea hivyo.

Waandikie wakubwa leo kwamba kosa ni la ofisi, mtihani urudiwe. Workinesh hajala tangu jana.

Dada yako,
Tirsit


19 Ginbot

Kwako dada mpenzi,

Salamu nyingi, na goti la Mama linaendeleaje? Huku tunaendelea, ingawa usingizi umepaa.

Ni kweli. Ni mimi. Nimefungua kumbukumbu za mashine, nimeona kwa macho yangu.

Dada, jina langu liko mezani wiki hii. Miaka tisa nimezunguka shule kwa miguu na bisibisi mfukoni, nimekaa kwenye mafunzo na watoto wadogo kuliko mimi. Leo niseme sijui kusoma saa? Nitachekwa mpaka nizikwe.

Andika kwamba umeme ulikatika hapo shuleni. Umeme ukikatika mtihani unarudiwa, ndiyo kanuni. Watoto watafanya, mimi nitapita, hakuna atakayeumia. Nakuomba kama nilivyokuwa nakuomba udogoni.

Mdogo wako,
Endale


Amba Wuha, 23 Ginbot

Mdogo wangu,

Sote tunapumua. Nimeandika. Mkuu wa shule kasoma mara mbili, akaniuliza, "Umeme?" Nikasema, "Umeme." Akapiga muhuri bila kunitazama.

Nimekufanyia hili na sijisikii vizuri. Watoto wanaendelea kujisomea.

Dada yako,
Tirsit


Amba Wuha, 20 Sene

Endale,

Natumaini hujambo, maana barua zangu mbili hukujibu.

Majibu yamekuja. Umeme ukikatika mji mzima, mtihani unarudiwa. Ukikatika shuleni tu, penye jenereta na fundi, ni uzembe wa shule. Haurudiwi. Kompyuta zinahamishwa, na mimi nimeachishwa kazi kwa maandishi yangu mwenyewe.

Kanuni hiyo uliijua? Usinijibu kwanza. Kwanza nenda kwa wakubwa. Orodha ya bweni inafungwa tarehe thelathini mwezi huu, zimebaki siku kumi. Sentensi moja inatosha: saa niliiweka mimi. Mimi kazi nimeshaisamehe. Nawaombea watoto.

Dada yako,
Tirsit


14 Hamle

Kwako dada mpenzi,

Hujambo? Mama je? Mwambie siku ya kuapishwa kuwa mkuu nilivaa ile shuka aliyonifumia, wote wameisifu.

Barua yako nilichelewa kuifungua, orodha ikawa imeshafungwa; siku zile kulikuwa na semina juu ya semina. Kanuni niliijua nusunusu, naapa. Lakini sikukaa bure. Agizo langu la kwanza ni hili: kila ratiba ya mtihani iandikwe kwa saa zote mbili, ya kwetu na ya mashine. Mafundi wenzangu wamelipigia makofi, wamesema huo ndio utumishi. Kosa lile halitatokea tena.

Nimekutafutia nafasi ya ukarani hapa mjini. Njoo tu.

Mdogo wako,
Endale


Amba Wuha, 2 Nehase

Endale,

Salamu. Mama hajambo. Hajui, na sitamwambia.

Barua yako ya Ginbot, ile ya umeme, ninayo. Sijamwonyesha mtu.

Jana nilikwenda kukabidhi chumba. Nikiwa nakunja nyaya, Workinesh akaja kurudisha kitabu nilichomwazima. Wamemsuka nywele tayari, harusi ni mfungo huu wa kanisa ukiisha. Akaniuliza, "Mwalimu, ni kweli siku ile umeme ulikatika?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu."

Akatazama dari, kisha akanitazama mimi. "Lakini taa zilikuwa zinawaka, mwalimu."

Nikainamia nyaya zangu. Akanisaidia kufunga sanduku la mwisho, akaniaga kwa heshima kama siku zote, akaenda zake.

Ile nafasi ya ukarani mpe mwingine.

Tirsit Gobeze